Bastola ya Bwana Viatu

Jumapili hiyo keki yangu ilikuwa imeinuka vizuri. Naanza na hilo kwa sababu Mau Narok yote hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kuinua keki kwa jiko la kuni katika baridi ile. Nilikuwa mpishi wa mzungu. Mume wangu Mwangi alitunza maua ya nyumba hiyohiyo. Ngano ilikuwa inavunwa, na makapi yalipeperuka mpaka ndani ya sukari.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, wakati wa vita vya Mau Mau, na wazungu walikula bastola zikiwa mezani, kando ya chumvi. Mwanzoni niliziogopa. Baadaye nikaanza kuzichunguza, kama unavyochunguza ng'ombe wa jirani. Ya Bwana wetu ilikuwa ya jeshi, nzee, imechubuka rangi, vipande vyake vinacheza. Akiiweka chini inalia kama debe.

Halafu akaja jirani, tuliyemwita Bwana Viatu kwa vile viatu vyake viling'aa hata wakati wa matope. Alileta mpya kutoka Ulaya: mpini wa pembe, chuma kimechorwa majani, vipande vimekazana hata unywele haupiti. Kazi ya zote mbili ilikuwa moja. Ukipiga, inatema ganda na kujilisha risasi nyingine yenyewe.

"Hiyo yako ni jembe," Bwana Viatu alimwambia Bwana wetu. Kizungu chao nilikielewa. Ningekaaje jikoni miaka yote nisikielewe?

"Lakini inalima," Bwana wetu akajibu.

Wakapanga makopo ya jamu juu ya uzio ili wajue ipi ni bora. Mwangi akapewa kazi ya kuokota maganda, maana kila risasi ilihesabiwa. Akanisogelea.

"Wewe uko upande gani?"

"Ile mbaya."

"Mimi ile nzuri. Mtu hawezi kuchora majani juu ya kitu cha bure."

"Ukishindwa utateka maji wiki nzima."

"Mwanamume ateke maji? Basi niombee nishinde."

Ile nzee ililia mpaka risasi zikaisha, na makopo yakaanguka. Ile mpya ililia vizuri zaidi, na kila kopo lilitobolewa katikati. Kisha ikanyamaza.

Bwana Viatu akatugeuzia mgongo. Akavuta chuma cha juu kwa nguvu, na risasi nzima ikaruka ikaingia kwa maua. Akaendelea kupiga kama hakuna kitu. Mwangi alinitazama kwa uso wa mtu anayefikiria mtungi.

Walipohesabu, risasi moja haikuwepo.

Siku hizo Mwafrika akipatikana na risasi hata moja, alinyongwa.

"Ilikwama?" Bwana wetu akauliza.

"Hii haikwami."

Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Nikasema, "Bwana, ilikwama. Risasi iliruka kule kwa maua. Nimeona."

"Mpishi sasa ni fundi wa bunduki," akasema Bwana Viatu.

Tulitafuta sote kwa magoti. Mwangi alikuwa amepanda maua yakasongamana hata udongo hauonekani. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Hatukupata kitu.

Bwana Viatu alikuwa askari wa akiba. Akamfunga Mwangi mikono.

Alipowekwa nyuma ya gari, Mwangi akaniambia, "Maji nitateka nikirudi."

Mvua ilikuja. Maua yakaoza kwa kukosa mwenyewe, na memsabu, mke wa Bwana wetu, alipoyang'oa akaiona risasi. Kichwa cha risasi kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Bwana wetu alishuka nayo Nakuru siku hiyohiyo, akaambiwa Mwangi ameshapelekwa kambini. Akaenda tena, na tena. Mara ya mwisho aliporudi alikuja moja kwa moja jikoni, akavua kofia. Homa ya matumbo, alisema. Bwana Viatu aliendelea kuvaa bastola yake kiunoni.

Niliachiwa mimba. Mtoto huyo alizaa inspekta wa polisi, na wote hapa kijijini wanajua huyo ni wa kwangu. Alipokuja juzi nilimwambia atoe risasi zote, anifungulie bastola yake.

"Shosho, kwani unataka kazi?"

"Fungua."

Akanieleza. Zile za bei zimekazwa sana. Zinapiga pale pale unapolenga, lakini hazipendi vumbi. Zilizolegea hulenga vibaya kidogo, ila humeza uchafu na kuendelea. Akanionyesha mahali risasi inapopandia kuingia kwa bomba. Niliweka kidole hapo. Ni padogo kama ukucha.

Kumbe ile ya Bwana Viatu haikuwa bastola mbaya. Ilikuwa na makapi. Kitambaa na mafuta kidogo, na ingekuwa nzima kabla chai haijapoa.

"Na yako ikikwama mbele ya watu?" nikamuuliza.

"Naivuta, naendelea."

"Sijauliza utafanya nini. Nauliza kama utasema."

Aliviweka chini vile vyuma.

"Nitasema, Shosho."

Nikamwambia arudie, kwa sauti, kama vile wenzake wamesimama hapo.