Ijumaa Ile Mwalimu Alipoikata Hadithi

Wiki hii nilikuwa nafundisha kilele na utatuzi wa hadithi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hadithi ikiishia kwenye kilele kuna ubaya gani?" Rafiki yangu, ubaya wake niliujua nikiwa darasa la tano, kwetu Ujiji.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Ijumaa moja alitusimulia habari za msichana aliyekwenda ziwani kuosha vyombo. Mamba akaibuka, akamdaka mkono. "Hicho ndicho kilele," mwalimu akasema, akafunga daftari. Mwisho tungeusikia Jumatatu.

Kesho yake bibi akanipa sufuria iliyopikiwa dagaa kwa mawese, mafuta yameganda, niende nayo ziwani kama kawaida. Waliokuwa wakifua walikwisha kuondoka. Nilichuchumaa, nikasugua kwa mchanga huku macho yangu yako majini. Mara, chubwi! Sikungoja kujua ni nini. Nilikimbia hadi nyumbani, sufuria nikaiacha hukohuko.

Bibi hakunichapa. Alinisikiliza nikimweleza hadithi ya mamba, akajifunga kitenge, akanishika mkono mpaka kwa mwalimu.

"Mwalimu, imalizie hadithi yako. Mjukuu wangu ziwani hakanyagi tena."

Mwalimu alimwamkia, kisha akatazama miguu yake.

"Yule alikuwa dada yangu, mama. Tulikuwa wawili. Mimi nilikimbia. Kila nikifika hapo, nashindwa kuendelea."

Hasira zikamtoka bibi. Akaketi kizingitini. "Pole, mwanangu. Lakini waambie. Mtoto asiyeambiwa mwisho hubaki na hofu peke yake."

Jumatatu mwalimu alisimulia yote. Walimtafuta siku mbili, wakapata kitenge chake tu, wakakizika. Wanakijiji wa kwao wakaihama sehemu ile, na tangu hapo hakuna mtoto wa huko aliyeachwa kwenda majini peke yake. Hofu haikunitoka, ila kuanzia siku ile bibi alifuatana nami, akikaa juu ya jiwe na fimbo yake, akiimba kwa Kiha nikiosha.

Bibi amezikwa kwenye makaburi ya Rusimbi. Mwalimu alihamishwa, sijui aliko. Ziwa nalo limepanda, limelimeza lile jiwe pamoja na nyumba mbili za majirani. Nilifika ufukweni mwezi uliopita, nikataka kunawa uso tu. Nilisimama pale muda mrefu, nikashindwa kuinama.