O ya Omena

Hadi leo nikipita sokoni penye magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, ulimi wangu hujikunja wenyewe. Si kwamba siipendi, msinielewe vibaya. Ni woga wa zamani, na bado unanijua.

Miaka ya sitini tulikaa Kondele, karibu na ziwa, wageni kutoka Karatina milimani. Baba aliuza viazi na kabichi, na nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja: samaki haingii. Watu wa kwetu walimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, lakini Baba alikuwa na hofu yake nyingine. "Mkianza na samaki," alisema, "mwisho mtasahau kwenu." Mtoto atakayeonja angepandishwa basi akaishi na cucu, nyanya yetu. Cucu nilimpenda, ila kwa mbali. Kuachana na Mama ndiko nilikoogopa kuliko kifo.

Nasari yetu ilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu Dorina hakuwa na vitabu, kwa hiyo alitufundisha herufi kwa kutulisha. Alikufunga macho kwa leso, akakutilia kitu ulimini. Ukikitambua, ulichora herufi yake ya kwanza kwenye sinia la mchanga. N ilikuwa ndizi. L ilikuwa limau, na siku hiyo tulikunja nyuso tukacheka hadi machozi. Nilikuwa hodari wa mchezo ule, na nilijivuna sana.

Asubuhi moja nikanusa kabla sijaona. Bakuli lilikuwa mezani, limefunikwa. Nilisimama kwenye foleni, na kila mtoto aliyetafuna mbele yangu alinisogeza karibu na basi la Karatina.

"Mwalimu, huyu hawezi kula rech," Otieno alipaza sauti. "Kwao wanasema samaki ni nyoka!"

Darasa zima likanitazama. Leso ikanifunika macho.

"Fungua mdomo, nyathina, mtoto wangu," Mwalimu alisema kwa upole. "Hii haiumi mtu."

Nikafungua. Ilikuwa na chumvi, na uchungu kidogo mwishoni. Nikameza, nikachora O ya mviringo safi, wakanipigia makofi. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Njiani nilitafuna majani ya mpera mpaka fizi zikauma. Mama alinipokea mlangoni, akaniinamia.

"Pumua."

Nikapumua. Nikamweleza yote huku nikilia. Kabla hajajibu, Baba aliingia, akasimama katikati ya chumba.

"Hapa kuna harufu ya samaki."

Nilishika gauni la Mama kwa mikono miwili.

"Ni kwa Mama Atieno hapo jirani," Mama akasema bila kugeuka. "Ukuta ni mabati, unataka harufu ipite wapi?"

Baba akaguna, akaenda kunawa. Ndipo Mama akaninong'oneza: "Mwambie mwalimu wako aondoe vichwa kwanza. Ndivyo vinavyoleta uchungu."

Nilichosikia siku ile ni kimoja tu: siendi kwa cucu. Nikalala kwa raha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa jikoni kwangu nikiondoa vichwa vya omena za wanangu, mkono ulisimama. Mama alijuaje? Nikazikumbuka alasiri zile Baba akiwa sokoni, Mama alipoaga kwamba anakwenda kwa Mama Atieno kusukwa. Alikaa huko muda mrefu, nami nilimsikia akicheka kupitia mabati, yeye ambaye kwetu hakucheka sana. Na kila mara alirudi na nywele zilezile.