Pete ya Chuma Juu ya Shimo la Misisi

Mimi ni mtu wa hasira, na kazi niliyoichagua ni kutazama maji yakiingia udongoni. Watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wakiniona nimechuchumaa mbele ya kipande cha bomba, saa mkononi, huuliza kama nimekosa shughuli. Kazi yenyewe ni hii: unachukua pete ya chuma, pana kama sufuria ya ugali wa familia, unaipigilia ardhini, unaijaza maji, kisha unapima yanavyoshuka. Udongo wa kando ya ziwa hunywa upesi. Udongo mwekundu uliokanyagwa na ng'ombe hukataa.

Ukimaliza unatuma. Kuna watu, siwajui kwa sura, wanaokusanya vipimo kama hivyo kutoka kila nchi na kuviweka mahali pamoja, na yeyote anayeshughulika na kilimo au mafuriko anachota bure. Nilipoiona ramani yao mara ya kwanza nilitukana kwa sauti. Nukta zilijaa kila upande, lakini kwetu palikuwa peupe, kana kwamba Fizi, wilaya yetu, mvua hainyeshi. Wakati huo ziwa lilikuwa limeshakula nyumba za majirani zangu. Nikasema pale peupe nitapajaza mimi mwenyewe.

Pete haiingii ardhini kwa adabu, inataka kupigwa. Mpigaji wangu alikuwa shemeki yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye pikipiki ya kubeba abiria na mdomo usiotulia. Yeye pia ndiye aliyesoma rula ndani ya pete, maana jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Maji yalikuwa hayajamaliza kushuka, tayari ameshasema yako wapi.

Siku tuliyokwenda kupima Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, mke wangu alitusimamisha mlangoni.

"Ndugu yangu umurudishe muzima," aliniambia. "Kule bantu banauwana juu ya mawe."

Nilimjibu kwamba sisi tunakwenda kumwaga maji, dhahabu ni yao.

Tulifika tumepakaa matope hadi masikioni, kwa sababu usiku mvua ilikuwa imepiga barabara vibaya. Chini ya mlima, karibu na midomo ya mashimo, mama mmoja aliyeuza chakula alikuwa anaosha sahani. Alipomaliza, alijitwika beseni la maji machafu na kuanza kushuka nalo mbali, hadi kijitoni. Shemeki alicheka.

"Mama, utachoka bure! Mwanga maji apa tu."

Mama alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi, akaenda zake. Hatukuuliza. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa ziwani, sisi tunaomwaga maji popote tuliposimama. Huko Misisi hata mtoto anajua kwamba wachimbaji wakiwa ndani, hakuna kumwaga maji ardhini, hata ya kusukutua mdomo, mpaka watoke. Wanasema mlima ukionjeshwa maji huku una watu tumboni, utataka na mengine.

Sisi tulipanda na bidoni zetu mbili, madumu yaliyojaa maji, hadi kwenye nyasi, juu kabisa ya mashimo. Shemeki akapiga. Mlio ulikuwa mzito, wa kurudi, kama wa pipa tupu. Tukamimina. Maji yakazama mara moja.

"Ayi! Imeisha," alisema. "Tiya tena."

Nikatia tena. Sijawahi kuona udongo wenye kiu namna ile, na niliona raha, niseme ukweli. Nilikuwa nainua bidoni ya pili tuliposikia kishindo chini yetu, kisha vilio. Mdomo wa shimo moja ulikuwa umeporomoka, na watu wawili walikuwa ndani. Mvua ya usiku ndiyo iliyoulegeza, wachimbaji walikuja kukiri wenyewe, lakini walikiri baadaye. Wakati ule waliinua macho, wakatuona sisi juu, bidoni mkononi.

"Ni bale!" alipiga kelele yule mama. "Njo balinicheka!"

Walipanda na majembe. Aliyetangulia alikuwa mtu wa mabega mapana, mwenye tochi kwenye paji la uso. Mdogo wake alikuwa mmoja wa wale wawili. Hakuniuliza jina wala kazi. Mpini wa jembe ulinipata mdomoni na meno mawili yakaenda.

"Munamwanga maji juu ya bantu! Bako chini! Ndugu yangu iko chini!"

Nilipigwa mgongo, nikapigwa mbavu, mtu akanikanyaga mkono. Wanawake walileta mawe kwenye khanga. Nami sikuwa mwanakondoo. Niliuma mkono wa mtu hadi nikaonja damu, yake na yangu pamoja, na kama ningefikia nyundo ningemvunja kichwa yeyote aliyekuwa karibu. Sitaki kujifanya mwema.

Lakini shemeki ndiye waliyemtaka, kwa sababu ya kile kicheko. Yule wa tochi alimshika kisogo, akamburuta hadi kwenye pete.

"Kunywa! Kunywa yote ulimwanga!"

Akamkandamiza uso ndani. Ukingo wa pete ulikuwa bado na makali, fundi wa kuchomelea hakuusugua vizuri. Akamwinua, akamkandamiza tena. Kilio alichotoa shemeki mara ya pili sikuwahi kukisikia kwa binadamu. Nikaelewa kwamba wanamuua, na kwamba nyumbani kuna mtu nitakayemwambia.

Niliona pete iko kavu. Damu ilikuwepo, lakini tone la maji hakuna. Ndipo akili ilipofika, imechelewa.

"Maji iko wapi?" nilipiga kelele kwa mdomo uliopasuka. "Tulitiya bidoni nzima, iko wapi? Chini iko wazi! Bako apa chini! Muchimbe apa!"

Yule wa tochi alisimama. Alilala kifudifudi, akaweka sikio palepale penye damu, kisha akaing'oa pete na kuitupa. Walichimba kwa majembe yaleyale waliyotupigia. Haikuwa mbali. Udongo ulitoboka, na kwenye tundu ukatokea mkono uliokuwa unashikashika hewa.

Mdogo wake alitoka hai. Mwenzake walimtoa kifua kimepondwa. Yule aliyepona, uso mzima matope, alisema neno ambalo hakuna aliyemwomba aseme.

"Maji ilinidondokea kwa shingo. Nikailamba. Nikajua kuko fasi ya kutokea juu."

Kaka yake alisikia. Hakuomba msamaha. Alivua shati, akamfunga shemeki uso, akamkalisha katikati yetu kwenye pikipiki na kutuendesha mwenyewe hadi hospitali, mimi nyuma nimemshikilia mgonjwa asianguke. Watu huniuliza kama nilimshukuru. Namchukia mpaka leo.

Jicho la kushoto lilitolewa. La kulia lilibaki na ukungu. Mke wangu alituangalia mlangoni, akasema, "Nilisema muzima," akamshika ndugu yake mkono na kumwingiza ndani.

Nilituma vipimo vyote, cha Misisi kikiwemo. Jibu lilikuja kwa heshima nyingi. Vipimo vya Baraka na vijiji vya jirani wamevipokea, nukta zetu sasa zipo. Cha Misisi wamekitoa, kwa sababu maji yale yaliingia kwenye uwazi, hayakunywewa na udongo, na kipimo hicho kingempotosha atakayekitumia. Walikuwa sahihi. Ningekuwa mimi ningekitoa vilevile. Hata hivyo nilipiga kiti teke kikavunjika.

Nilimkuta shemeki uani amevua mpira wa ndani wa pikipiki, beseni la maji mbele yake.

"Ya Misisi bameitoa," nilimwambia.

"Juu ya nini?"

"Banasema haiko udongo. Ilikuwa shimo."

Aligeuza kichwa chote kunielekea, ndivyo anavyotazama siku hizi.

"Na jicho yangu, banaiweka wapi?"

Alijaza mpira upepo, akauzamisha kwenye beseni, akauzungusha polepole kutafuta tundu. Akazungusha tena.

"Shemeki, niangaliliye mapovu inatokea wapi," alisema. "Mi sione."

Nikachuchumaa kando yake, nikatazama maji.