Shoga Yangu Amemfanya Marehemu Mamangu Kuwa Nyanyake

Asalaam aleikum admin na nyote mnaosoma. Jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na miwili, sijaolewa, naishi mtaa wa Kuze na babangu. Kazi yangu ni sanaa, lakini si picha za kutundika ukutani. Mimi hutengeneza vitu ambavyo mtu akivigusa, vinamjibu.

Mamangu alipofariki aliacha kasha la leso. Na simuni mwangu nilikuwa na sauti zake, zile jumbe alizokuwa akinitumia nikiwa kazini. Nikazitundika leso chumba kizima, nyuma ya kila moja nikaficha spika ndogo. Ukiishika leso, mamangu anasema nawe. Kuna anapocheka, kuna anaponiombea dua. Nikiunganisha nyaya huku nikilia, hata kazi ikakamilika.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa shoga yangu wa tangu chuoni tukisoma juzuu za Kurani. Nitamwita Shamsa, naye pia ni msanii. Akanikumbatia. "Nipe hizi leso na sauti zake, nikutafutie pahali pa kuzionyesha." Nikampa zote, pamoja na spika zake.

Siku zikapita, hakuniletea habari. Kisha nikasikia kwa watu kuwa Shamsa ana maonyesho Ganjoni. Kwenda, nakuta ukumbi umejaa, watu wanafuta machozi, naye amesimama kati anaeleza ati ile ni sauti ya nyanyake. Nikaishika leso ya zambarau. Mamangu akaniita vile vile alivyokuwa akiniita nikichelewa kurudi: "Njoo ule mwanangu, wali wapoa."

Nikamvuta kando. "Shamsa, huyu ni mamangu!"

Akatabasamu. "Si mamako ni mamangu? Na wewe ungeziacha kashani zikaliwa na nondo."

Kesho yake akanitumia ujumbe wa sauti, analia: "Kazi ni yako, wallahi najua. Lakini wageni wa ng'ambo wataka niipeleke kwao. Niachie hii moja tu." Nikauhifadhi ule ujumbe.

Juzi akapiga simu. Leso zimekuwa bubu, na wale wageni waja Jumamosi. "Shoga, njoo unitengenezee, mimi mambo ya nyaya siyajui." Hata haya hana! Nikapanda tuktuk nikaenda, nikacheka naye, nikazitengeneza zote. Ila kwenye ile ya zambarau, ambayo kila mtu huikimbilia, nimetoa sauti ya mamangu nikatia ya Shamsa: "Kazi ni yako, wallahi najua." Ukumbi umefungwa hadi hiyo Jumamosi. Mchumba wake atakuweko. Wakwe zake watakuweko.

Babangu nilipomwambia alishika kichwa. "Mwanangu, msitiri mwenzio. Mamako angekuwa hai angekwambia hivyo hivyo."

Nikamjibu, "Mamangu angekuwa hai, hangefanywa nyanya ya mtu."

Babangu aliinuka akaenda kuswali, na tangu hapo hanisemeshi ila salamu.

Sijutii, nawaambia kweli. Nataka niwe pale, nimtazame usoni leso ikianza kusema. Lakini baba ndiye mzazi niliyebaki naye, na kimya chake chaniumiza. Kwenda kuitoa sauti hiyo naweza, maana Shamsa amenitaka nipite Ijumaa kuzikagua.

Mama zangu, dada zangu, nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Niitoe, au niiache imseme?