Pimamaji na Barua Mbili

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Milango ya jumba la sanaa haijafunguliwa. Katika chumba namba tatu, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amepiga magoti, glavu mikononi, anasukuma kipande cha sponji chini ya fremu kubwa ili isiguse sakafu.

Picha sita zimeegemezwa ukutani namna hiyo. Leo hazitundikwi. Zitakaa siku tatu chini, watu wa kazi wapite mbele yake, waende, warudi.

"Ukiitundika siku ileile, unaitundika kwa haraka zako," anasema. "Iache. Siku ya tatu yenyewe itakuonyesha inataka kukaa wapi."

Wenzake wanamwita Pimamaji, kwa kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa ambacho hakimtoki mfukoni. Ametundika picha hapa miaka kumi na sita. Aliingia kama msafishaji. Shahada ya kwanza aliisotea kwa masomo ya jioni, miaka saba badala ya mitatu.

Leo ana jambo jingine kichwani. Vyuo viwili vimemkubali kusomea uzamili wa kazi za makumbusho ya sanaa, na vyote vinataka jibu kabla ya saa kumi jioni.

"Dada, hujaamua tu?" fundi umeme anamuuliza kutoka juu ya ngazi. "Mbona gauni la harusi ulichagua dakika tano?"

"Ndiyo maana lilinibana. Washa taa, kaka."

Haya yote yalianzia kwenye vumbi. Miaka tisa iliyopita aliishusha picha moja ya korido, ya miraba na mistari mitupu, akaigeuza aipanguse mgongo. Akakuta vumbi la zamani, gumu kama ugoro uliolowa, limejikusanya upande wa ndani wa ubao wa juu wa fremu, ule unaotazama chini. Vumbi hulala juu ya ubao wa chini, kwa hiyo ubao ule zamani ndio uliokuwa chini. Picha ile ilikuwa imetundikwa kichwa chini, miguu juu, na hakuna aliyejua tangu lini.

Akaenda kumwambia msimamizi wa mikusanyo wa wakati ule.

"Akaniuliza, 'Wewe una shahada ya nini?' Sina, bwana mkubwa. Nikairudisha vilevile ilivyokuwa."

Kugeuza picha kunahitaji saini ya msimamizi. Na kiti cha msimamizi kinahitaji uzamili.

Chuo cha kwanza kina jina. Mumewe, dereva wa lori, ndicho anachokitaka. Ada yake ya mwaka ni mshahara wa mkewe wa miezi saba, na mume yuko tayari kuongeza safari. Cha pili ni kidogo, mwendo wa saa mbili kwa basi, masomo Ijumaa na Jumamosi.

"Mke wangu, mimi nazunguka nchi nzima na lori, hicho chuo hata kibao chake sijawahi kukiona," mume alimwambia.

Katibu muhtasi wa jumba naye hakumficha: maombi ya kazi yakizidi, huchujwa kwanza kwa jina la chuo.

Pimamaji alivitembelea vyote, na swali lake lilikuwa moja: mwanafunzi anaruhusiwa kugeuza picha? Kwenye chuo chenye jina, mhadhiri mpole alimwonyesha ukumbi wa skrini kubwa. Stoo, alisema, wanafunzi huingia mara mbili katika miaka miwili, nao husimama nyuma ya kamba. Kwenye chuo kidogo, mtunza stoo hakujibu swali. Alimpa glavu akamwambia, "Shika upande ule."

Hata hivyo hakuamua palepale. Alirudi nyumbani, akaziegemeza barua zote mbili kwenye ukuta wa sebule, juu ya sponji, siku tatu. Watu wa nyumbani wakawa wanaziruka kwenda jikoni.

Aliyeona mapema ni binti yake. "Mama, mbele ya ile yenye nembo ya dhahabu unanyoosha mgongo. Mbele ya hii unainama uisome."

Mume akacheka kidogo. "Sawa. Nikiulizwa mke wangu anasoma wapi, niseme nini?"

"Sema anasoma stoo."

Saa tisa na nusu alasiri anavua glavu, anaingia ofisini kwa katibu muhtasi na kutuma jibu. Chuo kidogo. Msimamizi wa sasa anastaafu baada ya miaka mitatu. Masomo ni ya miaka miwili na nusu.

"Wanaweza kunikata kwa jina la chuo. Najua," anasema. "Nitaomba hivyohivyo. Saini yangu ya kwanza nimeshaipangia kazi: ni ya kuigeuza hii hapa."

Yuko koridoni, mbele ya picha ya miraba. Wageni wawili wamesimama wakiitazama, mmoja anasema inatuliza macho. Wakiondoka, Pimamaji anatoa kifaa chake na kukiweka juu ya fremu. Kiputo kinakwenda katikati na kutulia.

Imenyooka kabisa, kichwa chini vilevile. Anaipangusa vumbi la juu kwa kidole na kurudi chumba namba tatu.