Teja Aliyempokea Bibi Mzigo

Korogwe tunajivunia adabu. Kwetu kijana akimwona mtu mzima ana mzigo, anaupokea, hata kama hawajuani, na mtu mzima akikataa anaonekana ana kiburi. Ndiyo maana tangu unga wa kulevya uingie mjini mateja wetu hawahangaiki kukaba watu. Wanasalimia tu.

Bibi yangu aliibiwa hivyo, na kosa ni langu. Alikuwa anatoka Handeni na chupa ya asali na gauni la harusi la dada yangu, nililolishona mimi. Dada alilijaribu huko, akasema upande wa kushoto unaburuza. Kabla sijalituma nilikuwa nimeupima upande huo mara sita, na sikujua kwa nini uburuze. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ni Alhamisi. Saa nne nilitakiwa niwe stendi kumpokea bibi. Saa nne nilikuwa nafumua mfuko wa suruali ya mtu kwa mara ya tatu, kwa sababu mshono ulihama kwa upana wa uzi. Mwenye suruali asingeuona hata kwa tochi.

Nilipofika, bibi alikuwa amesimama mikono mitupu, anatabasamu.

"Umechelewa. Mwenzako keshanipokea."

"Mwenzangu yupi, bibi?"

"Kijana mwembamba, ana kovu la pasi mkononi. Ana adabu kuliko wewe. Kasema anatangulia nyumbani, mimi nije taratibu."

Kovu hilo nalijua. Mwenyewe alikuwa fundi cherehani kule Ngombezi, amesoma chuo, cheti kimetundikwa ukutani. Mimi nilijifunza kwa kufumua mitumba. Alipoanza kuvuta unga, wateja wake walihamia kwangu, na nakiri kwamba sikusikitika. Kila nikipita karibu naye najifanya nasoma simu.

Nilimweleza bibi kwamba ameibiwa, nikataka kwenda polisi. Bibi akakataa.

"Polisi watalitafuta hadi Jumapili. Nipeleke anapokaa."

Anakaa na wenzake kwenye gofu la ghala la mkonge. Tuliwakuta wanne.

"Shikamoo bibi," wakamwamkia pamoja kabla hajasema neno, kama darasa la pili.

"Marahaba wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Nimefuata gauni."

Mwenye kovu akainuka, akalitoa nyuma ya tofali, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.

"Gauni hili hapa, bibi. Asali tumekula. Utusamehe." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye uliyelishona?"

"Ndiyo."

"Linaburuza kushoto."

"Haliburuzi," nikasema, nikijua linaburuza.

"Linaburuza. Kitambaa umekikata mshazari, ukakunja pindo siku hiyohiyo. Cha mshazari kinavutika. Unakitundika kwanza kishuke, kesho yake ndiyo unapima. Hilo tulifundishwa mwezi wa kwanza."

Wenzake wakacheka. Mmoja alikuwa hana viatu, na bado alinionea huruma.

"Basi njoo ulishone wewe," bibi akamwambia. "Kula utakula kwetu."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanyoosha mikono mbele yake. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

"Kwa mikono hii, bibi? Nitalitia damu. Huyu ataweza. Ila alitundike."

Nililitundika mlangoni nilipofika tu. Ijumaa jioni nilipima, kushoto kulikuwa kumeshuka vidole viwili. Nikakata, nikapinda.

Jumamosi dada alizunguka ukumbi mzima bila kukanyaga nguo. Shangazi alilishika pindo, akalikagua pande zote, akaniuliza nani kanionyesha kupima namna ile. Bibi alikuwa meza ya pili, ananitazama.

Nikasema nimegundua mwenyewe.