Dumu la Mgonjwa Namba Kumi na Saba

"Mkojo ule ulikuwa wangu!"

Kwandu alisema hivyo mara ya tatu, na mara ya tatu mwanawe Ngassa hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa amechuchumaa mlangoni pa nyumba akimfunga jogoo miguu kwa kamba ya katani.

"Mayu, leo si siku ya hadithi."

"Si hadithi, ng'wanone, mwanangu."

"Hata ile ya kiboko ulisema si hadithi."

Hapo alimshika pabaya. Nani Bariadi nzima hajui ya kiboko? Kwandu alikuwa ameapa mbele ya watu wa kanisani kwamba zamani, mto Simiyu ulipofurika, alivuka akiwa amekaa mgongoni mwa kiboko, na furushi la pamba kichwani halikulowa hata uzi, na walipofika ng'ambo yule kiboko akauliza habari za shemeji. Alikuwa pia na ya mwaka ambao pamba ilirefuka mpaka wakaichuma kwa ngazi, na ya fisi aliyemuuza mnadani kwa jina la mbwa. Hakusoma hata darasa moja, lakini mdomo wake ulikuwa umehitimu vyuo vyote. Watu walimpenda kwa hilo. Palipokuwa na palizi ya pamoja waligombea kulima karibu naye. Hakuna aliyewahi kumwamini, na kwa miaka sitini na kitu hakuwahi kuhitaji kuaminiwa.

Leo alihitaji, na alikuwa na muda wa kupika ugali tu.

Lori la mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa binafsi walioanza kuingia baada ya ruksa ya biashara huria, lingepita adhuhuri kuelekea Kimali. Dereva alikubali kumchukua Flora, mke wa Ngassa, pamoja na blanketi na huyo jogoo, mpaka kwa mganga. Na mganga wa Kimali alikuwa na sharti moja: anayeingia kwake haonji kidonge cha hospitali mpaka siku atakayoruhusiwa kutoka, na kutoka ni baada ya miezi miwili.

Flora alikuwa kwenye mkeka, kivulini mwa kihenge. Uso umevimba, macho yamebaki nyuzi mbili. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki palepale, kama umebonyeza tofali bichi. Kwandu alimtazama akajua kwamba miezi miwili huyu mkamwana wake hana.

"Daktari anakuja leo," alisema. "Msubirini."

"Anakuja kupiga picha!" Ngassa alisimama. "Anakuja kumpiga picha mtu aliyepona. Kaandika kijarida, kakituma mpaka Ulaya, kwamba mke wangu kapona. Muulize shemeji hapo. Mwenyewe kamwona alivyopona?"

Shemeji alikuwa mwalimu Athanasi, kaka yake Flora, aliyekaa kwenye kigoda na kile kijarida magotini. Daktari Pelagia alikuwa amewatumia nakala kwa heshima. Athanasi alikisoma Kiingereza polepole, kidole mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta chawa.

"Imeandikwa hivyo," alisema kwa unyonge. "Mgonjwa namba kumi na saba, mwanamke wa miaka ishirini na sita, Bariadi. Mkojo wa mwisho ulikuwa safi kabisa. Dawa zikapunguzwa, zikasimamishwa."

"Basi hospitali wamemaliza yao," alisema Ngassa. "Kama figo zimepona na mtu anavimba, hicho si cha hospitali. Kuna mkono wa mtu."

"Mkono wangu," alisema Kwandu.

Ngassa alicheka kicheko kibaya, kisicho na furaha.

Na kweli ulikuwa mkono wake. Mwaka uliopita Daktari Pelagia alifika kutoka Mwanza kutafuta watu wanaovimba. Aliketi hapohapo uani akawaeleza kwamba kila mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari wa Flora wamelewa, alisema, hawamtambui tena mwenye nyumba, wanampiga. Wametoboa chujio la figo, na chakula cha damu kinavuja kwenye mkojo, ndiyo maana mkojo wake una povu kama maziwa yanayotoka kukamuliwa. Kwandu alimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Alijisemea, huyu mama ananizidi.

Flora alilazwa, akapewa vidonge vya kuwatuliza hao askari, uvimbe ukaanza kushuka. Mkojo ulipimwa mara mbili kulekule wodini. Mara ya tatu daktari akamrudisha nyumbani na dumu la njano la lita tano. Akasema: kuanzia jua linapochomoza mpaka lichomoze tena, mkojo wote humu, hata tone lisipotee, halafu gari litakuja kulichukua.

Mkojo wote! Wa siku nzima! Kwandu hakulala. Nywele zake mtu huzifukia, kucha huzifukia, na hapa mkamwana ambaye bado hajapata mtoto anampa mgeni dumu zima la maji ya mwili wake aende nalo Mwanza. Akilifunga? Akilizika? Tumbo la Flora lingefunguliwa na nani? Alfajiri, Flora akiwa bado ndani, Kwandu alilimwaga lile dumu kwenye mizizi ya minyaa ya ua, akalisuuza, akalitia wa kwake aliokuwa ameukusanya kwenye kopo usiku kucha. Yeye alikuwa ameshazaa saba. Wafunge watakavyo.

Majibu yalipokuja kwamba Flora amepona, watu walishangilia, daktari mwenyewe akacheza ngoma na viatu vyake virefu. Kwandu alicheza pia. Alijua yalikuwa majibu ya nani. Lakini uvimbe ulikuwa umeshuka kweli, basi akajiambia kwamba hakuna kilichoharibika. Sasa uvimbe ulikuwa umerudi, na neno alilokuwa amelikalia lilikuwa linamchoma kama kaa la moto.

"Mwalimu," alimgeukia Athanasi, "wewe una akili ya shule. Huo mkojo wa mwisho, hapo kwenye karatasi, ulikuwa na nini?"

"Nimeshasoma, mayu. Ulikuwa safi."

"Soma tena. Usiruke."

Athanasi alitazama jua, akatazama barabara, akarudisha kidole. Ngassa alishaanza kukunja blanketi. Kwa mbali kwenye njia ya Mwanhuzi vumbi lilikuwa linapanda, na hakuna aliyejua kama ni lori au ni gari la daktari.

"Kuna kamstari hapa chini," alisema Athanasi. "Wanasema... sukari. Mkojo wa mwisho ulikuwa na sukari nyingi. Wanadhani vidonge vyenyewe ndivyo vilivyoileta, kwa sababu mara mbili za mwanzo haikuwapo."

Kwandu alishusha pumzi. Kitu alichokuwa anakificha tangu palizi ya mwaka jana kilikuwa kimekaa kwenye karatasi, Kiingereza kitupu, kikimsubiri. Angeweza kunyamaza tena. Alilitazama lile vumbi.

"Flora, mwanangu, unaweza kusimama?"

"Naweza, mayu."

"Nenda nyuma ya minyaa, pale kwenye jiwe la kusagia lililovunjika. Nimetoka hapo sasa hivi. Kaangalie, uje uwaambie hawa wanaume. Wao siwezi kuwaonyesha, ni aibu."

"Akaangalie nini?" aliuliza Ngassa.

"Nenda, mwanangu."

Flora alikwenda akiburuta miguu, mkono ukutani. Ngassa alitaka kumfuata. Mama yake akamzuia kwa kidole kimoja kifuani. Vumbi lilikuwa limefika kwenye mashine ya kusaga. Honi ikalia mara moja. Jogoo akapiga mbawa.

Flora alirudi na kuegemea kihenge, anahema.

"Sisimizi," alisema. "Wamejaa. Wametengeneza njia kutoka ukutani mpaka pale... mpaka pale mayu alipo... Wanakunywa. Kama mtu amemwaga soda."

Athanasi alirudia kale kamstari bila sauti, midomo ikicheza, kisha akafunga kijarida polepole sana.

"Ulikuwa wake," alisema. "Shemeji, mkojo ulikuwa wa mama yako. Dada yangu hakupona. Walimkatisha dawa wakati zinafanya kazi."

Ngassa alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Hasira ilimpanda mpaka shingoni, ngumi ikakaza ile kamba ya katani. Halafu kitu kingine kikampita usoni.

"Sisimizi hao... tangu lini?"

"Tangu palizi ya mwaka jana."

"Na maji unayokunywa mtungi mzima? Na kukonda huku? Ukatuambia ni kwa sababu ulimkimbiza chui mpaka Shishiyu!"

"Chui alikuwapo," alisema Kwandu, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Nipige ukitaka, ng'wanone. Ila asiende Kimali. Akienda Kimali nitakuwa nimemuua mimi, na hiyo sitaweza kuisimulia popote."

Gari lilisimama nje ya ua. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa.

Ngassa alichuchumaa. Fundo la miguu ya jogoo likamkatalia mara mbili kabla ya kulegea. Jogoo akasimama, akajikung'uta, akatimkia nyuma ya kihenge.

"Utamwambia wewe mwenyewe," alisema bila kuinua macho. "Kama ulivyotuambia sisi. Bila kiboko, bila chui."

"Nitamwambia. Nitasema: daktari, lile dumu la mwisho, alfajiri ile mimi—"

"Mwadila wote!" Daktari Pelagia aliingia uani akicheka, kamera shingoni, dumu jipya la njano mkononi. "Yuko wapi namba kumi na saba wangu?"

Akamwona Flora.